Tulivyomkimbiza Kidoti Kuwahi Kisima

Sogea karibu, wewe uliyekulia Dodoma kabla mji haujafika Msalato, nikukumbushe mchezo wetu ambao haukuwa mchezo. Enzi hizo maji ya kiangazi yalikuwa korongoni, chini ya mchanga. Unachimba, unasubiri, yanachuruzika. Kundi la kwanza lilikunywa maji meupe. La mwisho lilikunywa tope, na mchungaji wake akachekwa wiki nzima. Kwa hiyo tulikimbiza mbuzi, tumboni uji wa uwele, shavuni kokwa ya ubuyu, tukiwatania watoto wa ng'ambo: "Leo mtalamba mchanga!"

Mama alikuwa na amri moja: kivuli chako kikiingia chini ya nyayo, mbuzi wakae chini ya migunga. Sisi tuliona ni woga wa watu wazima. Mbuzi si ng'ombe, tulisema; mbuzi ni mtoto wa jua.

Siku moja niliwaswaga saa saba mchana, mbio, bila kuwapumzisha. Tukafika wa kwanza. Nilikuwa bado nashangilia nilipomwona Kidoti, mbuzi wetu jike, amesimama miguu imetanuka, mdomo wazi, ulimi nje, akihema mbavu zikicheza. Akapiga hatua mbili za mlevi, akaanguka. Kidoti ndiye pekee tuliyekuwa tukimkamua, na maziwa yake ndiyo yaliyomlea mdogo wetu Neema, maana Mama aliugua baada ya kujifungua na maziwa yake yakakauka.

Baba mkubwa, aliyekuwa akinywesha ng'ombe pale, alichomoa kisu. Mama, aliyekuwa akichota maji kisima cha pili, aliacha ndoo akaja.

"Shemeji, tumuwahi," Baba mkubwa alisema.

"Hachinjwi." Mama akaketi mchangani, kati ya kisu na mbuzi.

"Utakula kibudu, wewe!"

"Nitakula mwenyewe. Rudisha kisu chako."

Watu wakacheka. Hakujali. Tulimbeba Kidoti hadi kivulini, Mama akamlowesha miguu, tumbo na kichwa, kisha akamnywesha kidogo, akaacha, akamnywesha tena. Mimi nilipepea kwa khanga. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alinieleza tu: "Mwili ukikimbia, unatoa moto ndani. Jua linaleta moto wa nje. Wewe una jasho jingi; yeye anajipoza kwa kuhema. Sasa unamkimbiza, atajipoza na nini?"

Jua lilipoanza kuegemea, Kidoti akainua kichwa. Lakini maziwa yalipungua siku tatu. Neema alilia, akapewa uji mwepesi, akalia tena, nami nilikisikia kila kilio. Siku ya nne tukakamua kibuyu kikajaa, na Mama akanipa mimi nimnyweshe mtoto.

Leo vijana wana simu za kuwaambia jua litakuwa kali kiasi gani, na bado wanafukuza mbuzi kwa pikipiki, honi juu, mchana kweupe, eti wawahi mnada. Juzi mpwa wangu aliniambia, "Shangazi, hayo ya kizamani, tunachelewa bwana." Nikafunga zizi, ufunguo nikaufundika kwenye pindo la khanga. Alininunia mpaka saa kumi. Anune. Sisi tulikuwa wakaidi vilevile, ila tulikuwa na wazee waliokubali kuchekwa kuliko kunyamaza. Siku hizi anayesema "ngoja" anaambiwa amepitwa na wakati. Basi mimi nimepitwa, na sijutii.

Nawe anza kesho. Watoe mbuzi asubuhi na mapema, na jua likifika utosini walaze kivulini. Ukimwona mmoja anahema mdomo wazi, simamisha kundi zima, mmwagie maji miguuni na tumboni, mnyweshe kidogo kidogo, wala usimlazimishe kuinuka mpaka asimame mwenyewe.