Karakana ya Mlimani Chini ya Jua la Voi

Sisi watu wa milimani tunapojenga, adui wa kwanza tunayemfikiria ni baridi. Marehemu baba yangu alikuwa seremala huko Wusi, kwetu milimani. Karakana yake ilikuwa na kuta nene, dirisha moja dogo na paa la chini, kwani mwenye vidole vilivyokufa ganzi hawezi kuongoza patasi. Nilipohamia Voi, nilijenga yangu nyuma ya nyumba kwa vipimo vilevile, nikaiezeka mabati. Nilidhani huo ulikuwa utiifu kwa mzazi. Ulikuwa uvivu wa kufikiri, maradhi yanayotupata hasa sisi tunaojiona wasomi.

Wakati wa joto kali, jirani yangu, mama wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani, aliniagiza mlango wa mbele. Ule wa zamani ulikuwa umeliwa na mchwa, naye aliishi peke yake. Nilileta mbao za mgrevilea kutoka nyumbani, bado zina unyevu wa mlimani, nikaziunga mara moja. Katika joto la karakana ile gundi ilikauka kabla sijamaliza kubana. Baada ya wiki moja mlango ulikuwa na ufa kutoka juu hadi katikati.

Mama alikuja kuutazama akijipepea kwa ncha ya leso.

“Fundi, hapa wachonga mbao au waoka mikate?”

“Karakana ni mahali pa jasho, mama,” nikamjibu kwa ukali.

“Jasho lako silikatai. Lakini mwizi atanipigia hodi kupitia ufa huu.”

“Nitauziba kwa unga wa mbao na gundi. Hautaonekana.”

“Hiyo ni poda, mwanangu. Poda haimrudishii kikongwe meno.”

Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimesimama kanisani kuwakemea wauzaji wanaoficha matunda mabovu chini ya mazuri. Nikamwambia nitaanza upya, na kwamba itachukua miezi mbao mpya zikauke.

“Nitangoja,” akasema. “Ila kwa sasa kabati la vyombo ndilo mlango wangu, na mgongo unaolisukuma ni huu.”

Tangu siku hiyo, kila magharibi nilikwenda kulisukuma mimi kutoka barazani, naye akitoka kwa mlango wa uani kunisimamia kama mnyapara.

Mchana niliibomoa karakana. Niliinua paa, nikaacha nafasi ya shubiri mbili kati yake na kuta ili hewa ya moto itoke. Chini ya mabati nilipanga mashina makavu ya maua ya mkonge, mepesi kama sifongo, yakawa dari inayozuia joto lisitushukie. Nilitoboa madirisha mapana yanayotazamana. Mbao mpya nilizipanga kivulini, vijiti katikati yake, upepo upite na kuzikausha polepole.

Kisha majira ya baridi yakaja na upepo wa vumbi, ukapenya katika nafasi niliyokuwa nikijisifia. Asubuhi vanishi ilikataa kukauka, nayo ilijaa mchanga. Hapo sikumwiga mtu. Nilitengeneza vibao vyenye bawaba, nikavipachika juu ya ukuta unaopigwa na upepo: asubuhi navifunga, jua likipanda navifungua kwa kuvuta kamba moja. Nasema bila haya kwamba sijaona karakana nyingine hapa Voi inayotii majira namna hiyo.

Mbao zilipokuwa tayari, niliunga mlango kwa utulivu, gundi ikinipa muda wa kupima pembe mara mbili. Ulikaa majuma matatu, ukishinda katika joto la mchana na ubaridi wa alfajiri, usipinde hata kidogo.

Siku ya kuupachika, mama alipitisha kiganja kwenye kila kiungo akitafuta kosa. Hakulipata. Alinisukuma nje kwa upole, akaurudisha mlango, nikasikia komeo likiingia mara moja bila kukwama.

“Nenda kwako, fundi,” akasema kutoka ndani. “Nimekwisha kufunga.”

Nilibaki barazani kitambo, nimefungiwa nje, kifua mbele.