Thirza na Neno la Mama Yake

Thirza Borrett alifika umri wa miaka hamsini na mmoja akiwa na hakika kwamba yeye ni zuzu. Hilo hakuambiwa na adui. Alilisikia kwa mama yake mzazi, Keziah, aliyekuwa akimshika kidevu na kumwita "silly wangu". Na pale Wenfield, kijiji cha matope na kondoo huko Suffolk, Uingereza, kila mtu alijua silly ni mtu gani: kichwa chepesi, anayecheka kabla hajaelewa, asiyejua alifu kwa kijiti.

Mwenye akili alikuwa dada yake, Hester. Hester alisoma, akawa mwalimu, akashika funguo za kanisa. Thirza aliolewa na Amos, mchungaji wa kondoo, mtu mpole wa maneno ya kuhesabika, akapata kazi ya kuosha sufuria katika jiko la shule. Mara mbili mwalimu mkuu alimwomba awe mpishi mkuu, maana haikuwa siri kwamba mchuzi ukiharibika yeye ndiye anayeuokoa. Mara mbili alikataa.

"Muulizeni dada," alisema. "Kichwa changu mimi si cha kupangia watoto themanini chakula."

Na Hester alipoulizwa, alikubaliana naye.

Keziah alifariki mchana mmoja wa Februari, binti zake wote wawili wakiwa kando ya kitanda. Kwanza alimgeukia Hester, akamwambia asisahau kufunga banda la kuku. Kisha akamshika Thirza mkono. "Na wewe, silly wangu," alisema, na hakusema tena. Thirza alilia mpaka macho yakavimba. Watu walidhani ni msiba tu unaomliza. Kumbe lilikuwa lile neno. Mama wa mtu anaondoka duniani, na neno la mwisho analokuachia ni hilo! Hakumwambia hata Amos jinsi lilivyomchoma.

Ikapita miaka tisa. Machi ya mwaka 1953, kondoo wakiwa wanazaa, alikuja kijijini mwanamke wa chuo kikuu aitwaye Margery Holroyd, amevaa koti la mvua na kubeba daftari nene. Kazi yake ilikuwa kukusanya maneno ya wazee kabla wenyewe hawajazikwa nayo. Alianza kwa Hester, kama walivyoanza wageni wote, lakini Hester alimjibu kwa Kiingereza kilichonyooka kama rula, na daftari likabaki jeupe.

"Nenda kwa mdogo wangu," Hester alisema mwishowe. "Yule anaongea kama bibi yetu. Nimemrekebisha miaka nenda miaka rudi, hasikii."

Margery alimkuta Thirza jikoni, amepiga magoti mbele ya sanduku lililowekwa karibu na moto. Ndani mlikuwa na mwanakondoo aliyekataliwa na mama yake, miguu kama njiti. Thirza alikuwa akimnywesha maziwa kwa chupa.

"Kaa, mama, kaa. Chai iko kwenye birika. Mimi siwezi kusimama, huyu akiachwa anasahau kunyonya."

Margery akaketi, akaanza maswali yake: hiki mnakiitaje, kile mnakiitaje. Thirza alijibu bila kugeuka. Mara mwanakondoo akapaliwa.

"Polepole, silly wangu," Thirza akambembeleza. "Maziwa hayakimbii."

Kalamu ya Margery ikasimama. "Umemwitaje?"

Thirza akaona haya. "Nisamehe, mama. Dada ananikataza kuropoka mbele ya wageni."

"La, hujaropoka. Nieleze tu. Amefanya ujinga gani?"

"Ujinga?" Thirza akashangaa. "Ana siku mbili duniani, ujinga ataufanyia wapi? Ni masikini ya Mungu tu, hana baya na mtu."

Margery alifunga daftari. Akamwambia kwamba neno lile lina umri mkubwa kuliko kanisa la kijiji. Hapo kale aliyeitwa hivyo alikuwa mwenye heri, mtu aliyebarikiwa. Mwenye heri akaonekana ni mtu asiye na hatia. Asiye na hatia akaanza kuonewa huruma. Anayeonewa huruma akadhaniwa dhaifu, na dhaifu, binadamu walivyo, akaitwa mjinga.

"Limeteremka ngazi zote hizo?" Thirza aliuliza. "Kama mlevi?"

"Kama mlevi. Ila vijijini kuna watu ambao wamebaki nalo ngazi za juu. Ulijifunza kwa nani?"

Thirza aliishusha chupa. Alikuwa amekumbuka jirani yao wa zamani, Obed Smy, aliyepanda paani akiwa chakari ili aupige mwezi risasi. Mama alimwita mpumbavu. Hakumwita silly. Akawakumbuka watoto wachanga waliorudi kutoka ubatizoni, wakipokewa mikononi mwa Keziah: silly, silly, mmoja baada ya mwingine. Na baba yake, alipopooza na kulishwa kwa kijiko, naye aliitwa hivyohivyo.

"Mama," alisema, "ningekuwa mjinga, mama yangu alikuwa na neno lingine la kuniitia. Tena alilitumia sana."

"Siwezi kukuapia alikusudia nini," Margery alisema. "Sikumjua."

"Mimi nilimjua," Thirza alisema.

Jioni ile alivaa buti, akaenda kwa dada yake, akamsimulia yote akiwa bado mlangoni. Hester alimsikiliza, miwani mkononi. Thirza alitarajia kusahihishwa.

"Mimi hakuniita hivyo hata siku moja," Hester alisema.

"Wewe ulikuwa na akili, dada."

"Ndiyo. Ndiyo maana mimi niliachiwa kuku." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Miaka tisa, Thirza. Unadhani sikusikia sauti yake ilivyobadilika alipokugeukia? Nikasema basi, abaki nalo, lakini angalau na liwe na maana ya ujinga. Nimekufanyia ubaya."

Thirza alisimama pale, matope yakimdondoka kwenye zulia la watu. Hasira ilimpanda kwelikweli, akafikiria zile mara mbili za mwalimu mkuu. Kisha akamwona dada yake alivyo: mwanamke wa miaka hamsini na sita anayelilia neno.

"Wewe nawe," alisema. "Si ungeniomba tukagawana?"

Hester akacheka huku akifuta pua, na wakalia pamoja kama watu waliofiwa jana.

Septemba mwalimu mkuu aliuliza mara ya tatu. Hester, mwenye mwandiko mzuri, ndiye aliyemwandikia mdogo wake barua ya kukubali. Thirza aliisoma polepole, kidole juu ya mstari, akachukua kalamu akakata sentensi mbili, ile ya "ingawa sikusoma" na ile ya "kama hatapatikana mwingine".

"Utaichafua karatasi," Hester alilalamika.

"Na ichafuke," alisema Thirza. Akamkabidhi Amos barua, naye akaiweka chini ya kofia isilowe, akaipeleka shuleni kwa miguu.