Msomaji wa Saa Saba Mchana

Katika chumba cha kufulia mashuka ya hospitali, mashine zinanguruma mpaka watu wanazungumza kwa nyusi. Humo alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa mwanamke ambaye wenzake, tangu waliposikia ana kitabu, walimwita Mwandishi. Walimuuliza shuka hili amelisaini au bado, naye akawajibu kwamba amelisaini, wasome upande wa nyuma. Hawakujua kuwa wiki ile nzima alicheka kwa meno tu. Roho ilikuwa mkononi.

Kitabu alikiandika mwenyewe, madaftari manne, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na miwili, katika darasa la watu wazima. Wachapishaji aliowapelekea hawakumjibu hata kwa kumfukuza. Akasema basi, nitakitoa kwa mkono wangu. Mwenye duka la uchapaji karibu na lango la hospitali, mwanamume mnene asiyekaukiwa maneno, alimchapia kwenye kompyuta, kisha akamtengenezea na tovuti: picha yake amejifunga kitambaa cha bluu, jina lake juu, na sura zote kumi zimewekwa wazi asome atakaye. Nakala za karatasi zingechapwa Jumatatu.

"Tovuti ni baraza, dada," mwenye duka alimwambia. "Unakaa nje, kila apitaye anakuona."

Kilichomhangaisha ni kwamba na yeye aliweza kuwaona wapitao. Kulikuwa na ukurasa wa mwenye tovuti, aliofundishwa kuufungua kwenye simu yake, unaoonyesha wasomaji ni wangapi, wamesoma sura ipi, saa ngapi, wakiwa mji gani. Siku za kwanza baraza lilikuwa tupu. Kisha akaja mmoja, saa saba mchana, akasoma sura ya kwanza. Kesho yake saa saba, ya pili. Kila siku sura moja, kama mtu anayemaliza dozi ya dawa. Na mji ulioandikwa pale ulikuwa ule anakofanya kazi binti yake, mji ambao hakumjua humo kiumbe mwingine. Binti alikuwa karani wa zahanati. Saa saba ndiyo saa yake ya kula.

Hakuwa amemwambia habari za kitabu. Angeanzia wapi? Sura ya nane ilikuwa ya nyumba.

Nyumba ile ya vyumba viwili aliachiwa na mama yake mzazi. Siku moja mume wake aliingia na karatasi iliyopigwa chapa na kikebe cha wino, akasema panatakiwa dole gumba. Enzi hizo mke hakujua hata a. Mume akacheka, akamwambia kama hamwamini, amwite mtoto amsomee. Mtoto alikuwa na miaka tisa, wa kwanza darasani, na mama mtu alikuwa ameringa naye mpaka majirani wamechoka: yeye ana msomaji wake ndani ya nyumba. Mtoto akasimama katikati ya chumba, akashika karatasi kwa mikono miwili, akasoma kwamba hii ni fomu ya shule, mzazi anakubali mwanafunzi aendelee na masomo. Mama akabonyeza dole gumba kwa raha zake. Miezi miwili baadaye nyumba ilikuwa ya watu wengine, na mume alikuwa kwa mke mwingine.

Hakuwahi kumuuliza mtoto. Alijisemea, na baadaye akaandika, kwamba baba ndiye aliyemlisha maneno yale. Alimlea katika chumba cha kupanga, akamsuka nywele, akamsomesha kwa mashuka ya wagonjwa, na kila mtoto aliposoma kwa sauti, kitu kilimchoma ubavuni. Miaka ishirini na mmoja hakikumtoka mdomoni. Kilimtoka daftarini: "Niliporwa nyumba kwa mdomo wa mwanangu mwenyewe."

Alhamisi, saa saba, sura ya saba ikasomwa.

Ijumaa aliamka mapema, akaenda kazini. Saa nne akaomba ruhusa, akakimbilia dukani. Mwenye duka akamwonyesha kitufe: ukikibonyeza, sura inaondoka, na hakuna atakayejua ilikuwepo. Akamuuliza kwani humo kuna nini, amemtukana mkubwa? Akamjibu afadhali angekuwa amemtukana mkubwa.

"Basi futa, dada. Hata dakika haiishi."

Aliweka kidole juu ya kitufe, kikawa kizito. Mara ya mwisho alipohimizwa kubonyeza kitu upesi upesi na mwanamume anayetabasamu, alijuta. Na je, binti akitoka sura ya saba, inayoishia baba akiingia na karatasi, halafu akute ya tisa, hatajua kwamba kuna kilichofichwa? Akaondoa kidole. Njia nzima ya kurudi kazini alijiita mjinga.

Saa saba alijibanza nyuma ya matenga ya mashuka, simu kiganjani. Sura ya nane, msomaji mmoja.

Jumamosi hakuja mtu. Alimpigia binti simu mara tatu, ikaita mpaka ikakata. Jumapili hakuja mtu. Alikaa anakunja nguo ambazo alikwisha kuzikunja. Saa kumi alasiri simu ikalia. Binti hakusalimia.

"Mama, sura ya nane ina kosa."

Mama akaketi sakafuni. Akasema ndiyo, ni kosa, ni hasira tu za mwanamke asiyesoma, atalifuta sasa hivi, kabla ya Jumatatu.

"Baba hakunifundisha kitu," binti alisema. "Yale maneno yalikuwa makubwa. Nilipata moja moja, mengine giza tupu. Na wewe umekaa pale, unanitazama na ile fahari yako. Niliona aibu kusema sijui. Nikatunga."

"Ukatunga."

"Nikasema fomu ya shule. Nikamtazama baba, nikijua atanisahihisha. Akatabasamu, akasogeza wino."

Binti akaendelea, sauti inakwaruza: alikuja kuelewa alichofanya alipokuwa na miaka kumi na minne, na tangu hapo nyumba ikitajwa alitafuta mlango. Siku mama alipompigia kwa furaha kwamba ameanza darasa la watu wazima, alikata simu akaenda kutapika.

"Miaka yote ulijua ni mimi," akasema, "na bado ulinisuka."

"Nilikusuka."

"Ulikuwa unanichukia?"

Angeweza kusema hapana. Neno lilikuwa karibu, jepesi.

"Kuna siku," mama alisema. "Kuna siku, ndiyo."

Kisha akauliza, taratibu, kama aifute sura ile.

"Usifute. Andika nilivyokwambia. Na lile tabasamu lake, liandike."

Mama akavuta daftari kutoka chini ya nguo zilizokunjwa. Akamwambia binti aseme polepole, yeye haandiki haraka. Binti akaanza, neno moja, kisha jingine, akingoja aambiwe endelea. Walipofika pale mtoto anapoinua macho kumtazama baba yake, binti akanyamaza. Mama akasikia pumzi zake, akashika kalamu, akangoja.