Nzi Waliofungwa Saluni

Baba yangu alishona suti za harusi za nusu ya mtaa wetu, na nyingine zimedumu kuliko ndoa zenyewe. Lakini ukimuuliza yeye ni nani, hakwambii ni fundi cherehani. Anakwambia ni mvuvi. Mimi binti yake, niliyekulia chini ya meza ya kukatia vitambaa, sijawahi kumwona samaki wake hata mmoja jikoni.

Yeye na wenzake hawavui ili wale. Wako watatu: baba, Mwalimu Mkuu mstaafu, na daktari wa meno, mstaafu pia, ila bado ukiongea naye anakutazama mdomoni. Kila Jumamosi alfajiri hupanda gari la daktari mpaka kwenye mto wa baridi kule milimani, husimama majini hadi magotini, humvua trauti, samaki wa maji baridi, humsifu, kisha humrudisha alikotoka. Halafu wanarudi nyumbani na njaa. Marehemu mama alikuwa akisema afadhali mume mlevi, maana huyo angalau unajua anafuata nini.

Wana sheria, kwa sababu Mwalimu Mkuu hawezi kukaa na watu wawili bila kuwawekea sheria. Fimbo ya kuvulia iwe ya mwanzi, na mwenyewe awe ameupasua, akauranda na kuuunganisha kwa gundi kwa mikono yake. Nzi naye vivyo hivyo. Nzi wao ni ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na uzi mpaka trauti adhani ni mdudu aliyeanguka majini. Anayevulia nzi wa kufungiwa na mtu mwingine si mwenzao tena. Yuko mzee wa nne aliyenunua nzi dukani. Siku hizi wakikutana naye njiani wanamuuliza hali ya watoto tu.

Mama alipofariki, baba alibaki na Jumamosi. Siku nyingine zote alikuwa akiingojea. Ndipo macho yakaanza kumgeuka. Alishona suruali moja, mguu wa kulia ukawa ndani nje, na bwana harusi akagundua akiwa ameshafika ukumbini. Nikamwambia ukweli, tukafunga cherehani. Hakubisha, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Jioni moja alikuja saluni kwangu, maana mimi ni msusi. Akangoja wateja waishe, akaweka kopo la ndoana mbele ya kioo.

"Mwanangu, vidole vyako ni vyepesi."

"Vyepesi kwa kazi gani, baba?"

"Wakijua sioni, wataniacha."

Nilitaka kucheka. Mzee wa miaka sabini na minne anaogopa kuachwa na wenzake kama mtoto wa chekechea! Nikamtazama usoni. Nikavuta kiti.

Mtu anayesuka kichwa kizima kwa saa saba mfululizo, kufunga nzi kwake ni mapumziko. Trauti wakawa wanagombania nzi wangu. Mwalimu Mkuu akatangaza kwamba fundi amekomaa uzeeni. Hapo baba akavimba kichwa, akaanza hata kuwafundisha. "Siri ni kukaza uzi taratibu," akawaambia, maneno niliyomwambia mimi juzi yake.

Siku za mwizi ni arobaini. Zetu hazikufika hata thelathini. Wiki moja manyoya yaliniishia, nikafungia nywele bandia za rangi ya zambarau zilizobaki baada ya kumsuka mteja. Mteja mwenyewe ni mke wa daktari wa meno. Hilo halikunipitia akilini.

Jumamosi hiyo baba akanasa trauti mzuri. Daktari, kama kawaida, akamfungua mdomo, akachomoa ndoana, akaigeuzageuza juani.

"Fundi," akasema, "hizi ni nywele za mke wangu."

Baba akawa na njia mbili, na zote mbaya. Akachagua kusema ukweli. Kwanza kuhusu nywele, kisha kuhusu nzi, kisha kuhusu macho. Walirudi mjini, na baba akaenda moja kwa moja kitandani, akaugeukia ukuta.

Jumatano wazee wawili wakaingia saluni kwangu, makoti mpaka kifungo cha juu.

"Binti, tumekaa kikao," akasema Mwalimu Mkuu.

"Nyie mmekaa. Baba yeye amelala tangu Jumamosi."

"Sheria ni sheria. Asiyefunga nzi wake si mwenzetu." Nikashika kitana vibaya; akarudi nyuma hatua moja. "Lakini anayefunga ni mwenzetu. Kwa hiyo mwanachama ni wewe. Na mwanachama anaruhusiwa kuja na mgeni mmoja, Jumamosi zote atakazo."

"Sheria hiyo ilikuwepo lini?"

"Tumeipitisha kwenye gari," akasema daktari. "Ila mwanachama asipokuja, mgeni naye haji."

Jumamosi ndiyo siku saluni yangu hujaa mpaka mlangoni. Nikawatukana kimoyomoyo, wao na trauti wao. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na haya yalikuwa maji ya barafu. Jumamosi nikasimama ndani yake, meno yakigongana, nikiwa macho ya baba.

"Nzi yuko wapi?"

"Anapita kando ya jiwe. Anakuja, anakuja... amezama! Vuta, baba!"

Akavuta. Akatokea trauti ambaye hakuzidi kidole changu cha kati.

"Mbona mwepesi?" baba akauliza.

"Amechoka," akasema Mwalimu Mkuu, aliyechapa watoto wa mji mzima kwa kosa la uongo. "Wakubwa huchoka haraka."

Daktari akamchungulia mdomoni. "Meno ya mtu mzima," akathibitisha, akamwachia upesi majini.

Baba hakuwaamini. Akanigeukia mimi. "Mkubwa kiasi gani?"

Mimi ndiye ninayemwambia ukweli siku zote, hata ule wa cherehani. Nikamwekea fimbo kwapani, nikamshika viganja vyake viwili vilivyolowa, nikaanza kuvitenganisha. Nikavitenganisha, nikazidi kuvitenganisha.

"Inatosha, mwanangu," akasema, akicheka huku machozi yanamtoka. "Ukiongeza hapo hata mimi sitaamini."