Buli la Mama na Kifuniko Chake

Sebuleni kwa Mama Mabuli kulikuwa na kabati la kioo lenye mabuli arobaini na moja, na arobaini kati yake yalikuwa na vifuniko. Lile lisilo na kifuniko lilikuwa limewekwa katikati, rafu ya juu, mahali ambapo mtu mwenye akili angeweka lililo zuri kuliko yote. Wageni waliuliza mara nyingi limepatwa na nini. Waliouliza waliishia kumaliza chai yao harakaharaka na kuaga.

Jina hilo alipewa kazini. Kwa miaka ishirini na sita amekuwa mtunza vyombo wa bwalo la chuo: sahani mia nane, vikombe zaidi ya hivyo, masinia, majagi, na stoo ambayo ufunguo wake haumtoki kiunoni. Anajua chombo kwa mlio. Hukigonga kwa ukucha, na kikijibu kwa sauti safi hukirudisha rafuni. Kikikoroma, kina ufa hata kama hauonekani. Wapishi wanamwogopa kuliko mkuu wa chuo. Mpishi mkuu aliwahi kusema kwamba siku mama huyu akifika mbinguni, malaika watakuwa wanasaini kabla ya kupewa kikombe.

Watu hudhani alianza kukusanya mabuli kwa sababu anayapenda. Alianza kwa hasira.

Miaka tisa iliyopita mama yake mzazi alifariki, akaacha mabinti wawili na seti moja ya chai, nyeupe, yenye mstari wa bluu ukingoni na uzi mwembamba wa dhahabu juu yake. Ilikuwa ikitolewa kwa wageni wa maana tu. Kugawana hakukuwa na maneno. Dada mkubwa, ambaye ni mshonaji, alichukua kibakuli cha sukari, kijagi cha maziwa na vikombe vitatu; mdogo akachukua buli na vikombe vitatu vilivyobaki. Kazi ya kuvifunga kwenye magazeti aliifanya mdogo peke yake, huku machozi yakimtiririka. Dada aliponyoosha mkono kusaidia aliambiwa, "Kaa pembeni, Dada, utavunja."

Mama Mabuli alipofika kwake na kufungua gazeti, buli lilikuwa limefika bila kifuniko.

Alipekua masanduku yote. Alikumbuka vizuri kabisa kwamba kifuniko alikishika kwa mikono yake na kukifunga. Basi kama alikifunga na hakikufika, kuna mtu alikitoa, na katika chumba kile walikuwa wawili tu. Jumapili iliyofuata alimwendea dada yake, akamkuta amekaa na shangazi na majirani wawili, akamwambia mbele yao wote kwamba ni mwizi, tena wa vitu vya marehemu. Dada aliapa hajakiona. Tangu siku ile mdogo akakata mguu.

Kisha akaanza kutafuta kifuniko kingine, kwa udi na uvumba. Kwenye soko la vitu vya zamani yuko muuzaji mmoja wa vyombo, mtu wa maneno mengi, na huyo ana msimamo mmoja tu maishani: hauzi kifuniko bila buli lake. Kwa hiyo kila Mama Mabuli alipoona kifuniko kinachokaribia, ilimbidi anunue na buli. Akifika nyumbani, kikubwa mno. Kingine kidogo. Kingine kinaenea lakini mstari wake ni wa kijani. Hivyo ndivyo mwanamke aliyehitaji kifuniko kimoja alivyojikuta na mabuli arobaini: la bati lenye maua, la shaba lililopinda mdomo, la kauri ya kahawia lenye tumbo kama la diwani, na mengine ambayo hata yeye hajui aliyanunulia nini. Muuzaji alimtania kwamba katika kupatana bei ana mkono wa birika, ndiyo maana mabirika yanampenda. Hakucheka, lakini alinunua.

Na kusema kweli, hasira haikai miaka tisa bila kubadilika kuwa kitu kingine. Alijifunza kusoma alama za viwandani chini ya vyombo, na kupuliza kwenye mdomo wa buli kujua kama kuna taka. Alijua kifuniko cha buli kwa vitu viwili: kitundu cha kutolea mvuke, na kijino upande wa chini kinachokizuia kisidondoke ukiinamisha kumimina. Akawa fundi wa mabuli kuliko alivyokuwa ndugu wa mtu.

Ndipo simu ikapigwa. Alikuwa binti wa dada yake.

"Mama mdogo, mama ameanguka ngazini, amevunjika mguu. Hajaniambia nikuite. Nakuita mimi."

Alikwenda Jumamosi, amejikaza kisabuni, na mfuko wa matunda mkononi. Dada alikuwa kitandani karibu na cherehani yake, mguu umefungwa plasta, nywele zimeingia mvi ambazo mdogo wake hakuwa amewahi kuziona. Walisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Binti akaleta chupa ya chai, vikombe vitatu vyenye mstari wa bluu, na kibakuli cha sukari. Juu ya kibakuli palikuwa na kifuniko, na katikati ya kifuniko kipande cha pamba kimesokotwa na kusokomezwa.

"Usiitoe hiyo pamba," Dada alisema. "Sisimizi. Miaka yote hii napigana nao. Sijui nani alibuni kifuniko cha sukari chenye tundu."

Mama Mabuli alikiinua kifuniko, akakigeuza. Kijino kilikuwepo.

Hapo akaliona gazeti lile la miaka tisa iliyopita kana kwamba liko mapajani. Kule bwaloni sheria ni yake mwenyewe, na huwaimbia wasaidizi wake kila muhula: bakuli halisafiri wazi, lifunike kwa kifuniko chochote kinachoenea, ukigeuze kichwa chini, ndipo ufunge. Mikono yake ilijua sheria hiyo kuliko kichwa chake. Kibakuli cha mama hakikuwa na kifuniko, mama alikuwa akikifunika kwa kisahani. Mikono ikatafuta kinachoenea, ikakipata, ikakigeuza, ikafunga. Kweli alikifunga. Alikifunga kwenye mzigo wa dada yake.

Alitamani ardhi ipasuke. Kisha, kwa kuwa ni binadamu kama wewe, akapata wazo. Ndani ya kabati lake kuna buli moja la hovyo lenye kifuniko cheupe kisicho na tundu; kingekaa vizuri juu ya kibakuli kile. Angeweza kukileta wiki ijayo kama zawadi, "Dada, hiki hakiingizi sisimizi," akaondoka na kile kingine, na hakuna ambaye angejua mpaka kiama. Buli la mama lingepata kifuniko chake. Dada angefurahi hata. Angebaki mwizi tu, lakini amefurahi.

Alikiweka kifuniko mezani.

"Dada. Hiki ndicho kifuniko cha buli."

"Kipi?"

"Hiki. Nilikiweka mimi mwenyewe siku ile. Nilifunika nacho kibakuli cha sukari, nikasahau. Hukuiba. Hukuwahi kuiba."

Dada alikitazama kifuniko, hakumtazama yeye. Binti alisimama na kijiko mkononi, hajui akae au atoke.

"Uliniita mwizi mbele ya shangazi," Dada alisema.

"Nilikuita."

"Ulipoondoka nilikitafuta nyumba nzima. Nilifumua mito. Nilitoa nguo za wateja kwenye mifuko, moja moja. Nikasema, huenda nilikichukua kwa sababu ya majonzi nikasahau, huenda kweli mimi ni mwizi." Alikigusa kifuniko kwa kidole. "Na kilikuwa hapa, nakishika kila asubuhi, nikidhani ni cha sukari, mama alikihifadhi tu."

Mama Mabuli alilia, kilio cha sauti, bila kujificha. Dada hakumbembeleza.

"Chukua kifuniko chako uende," alisema. "Nimechoka."

Alikwenda, lakini kifuniko alikiacha mezani.

Jumamosi iliyofuata alirudi na furushi la magazeti, akaliweka mapajani kwa dada yake. Binti alitaka kusaidia kulifungua.

"Mwache," Mama Mabuli alisema. "Afungue mwenyewe. Havunji."

Dada alifungua gazeti moja baada ya jingine, polepole, kwa vidole vya mshonaji, mpaka buli la mama likatokea. Alichomoa pamba kwenye kifuniko, akakiweka juu ya buli, na kikakaa. Akaligonga kwa ukucha.

"Linasemaje?" aliuliza.

"Linasema zima."

"Haya. Chai basi, au umeleta tuliangalie?"

Sukari wakaifunika kwa kisahani.

Siku hizi kabati la kioo lina mabuli arobaini, na katikati ya rafu ya juu kuna nafasi wazi, ambayo kwa kabati lililojaa namna ile inaonekana kama pengo la jino. Wageni bado wanauliza kulikuwa na nini pale. Mama Mabuli huwaongezea chai, kisha huwajibu kwamba liko kazini, kwa dada yake.