Marehemu wa Kila Jumamosi

Pale kwenye jumba la maigizo walimwita Marehemu, kwa sababu kila mchezo uliokuwa na vita, yeye ndiye aliyeuawa. Hakuna aliyejua kuanguka kama yeye. Goti lilitangulia, bega likafuata, kisha mwili mzima ukatua puu kama gunia, na watazamaji wa mbele wakashika vinywa. Muuaji wake miaka yote alikuwa mmoja tu, pande la mtu waliyemwita Jemedari.

Mwongozaji wao alipenda kuwakumbusha kwamba kazi ile haikuanza jana. "Zamani za kale watu walipigana kwa fimbo mbele ya wafalme, na mshindi alijulikana hata kabla ya pambano. Msiidharau." Waigizaji wengine walipiga miayo. Marehemu alimuwaza yule aliyepangiwa kushindwa. Akishajikung'uta vumbi, alirudi kwa nani?

Yeye alirudi kwenye chumba chenye kiti kimoja. Mkewe alikwishatangulia mbele ya haki, na binti yake, aliyeolewa mbali, alipiga simu akipata nafasi. Ukiondoa mikono ya salamu, mtu pekee aliyemgusa ni Jemedari, aliyemkwida, akamkaba shingo, akambwaga, kisha akamnong'oneza, "Hujaumia, ndugu yangu?"

Goti la Jemedari likagoma, akastaafu. Aliyeletwa badala yake alikuwa na adabu kupita kiasi. Upanga wake wa mbao ulikata upepo mbali kabisa, na ukosi wa mwenzake hakuugusa.

"Nikabe bwana, sivunjiki," Marehemu alimwambia.

"Hapana mzee wangu, usije ukanifia kweli."

Mwishowe Marehemu akafunga safari hadi kwa Jemedari. Alimkuta barazani, wajukuu wamemjaa mapajani.

"Jamani, huyu ndiye niliyekuwa namuua kazini!"

Mke wa Jemedari akaangua kicheko. "Kumbe yu hai! Karibu shemeji, chai hii hapa."

Wakanywa. Jemedari akauliza habari za jumba, nzuri. Marehemu akauliza habari za goti, linaendelea. Maneno yakaishia hapo. Miaka yote ile hawakuwa wamezungumza, walipigana tu, na sasa kila mmoja alikodolea macho kikombe chake.

Jemedari alimsindikiza hadi getini akichechemea. Akanyoosha mkono kama anayetaka kumshika bega, lakini mjukuu akaita, "Babu!" naye akageuka.

"Karibu tena, ndugu yangu."

"Nimekaribia."

Hakwenda tena.

Binti yake alipopiga simu, alimsikia baba sauti imefifia.

"Baba, kwa nini usiache hiyo kazi ukaja kukaa nasi? Chumba kipo."

"Niache? Sasa nani atakufa?"

Marehemu alicheka peke yake. Upande wa pili mtoto akalia na binti akasema atapiga baadaye. Marehemu akakaa na simu mkononi mpaka chai yake ikapoa. Jumamosi ilipofika akavaa viatu, akaenda kazini.