Kitambaa cha Kompyuta ya Baba

Mama alipofuma kitambaa cha kufunika kompyuta ya Baba, aliacha tundu moja tu, la kitufe cha kuwashia. Nami nilimsifu. Nyumbani kwetu Machame kila chombo chenye hadhi kina kitambaa chake cheupe cha kufuma: redio, televisheni, viti vya sebuleni, hata mtungi wa gesi. Kasha la kompyuta lilivikwa kama mtoto anayepelekwa kubatizwa, likawekwa kando ya skrini kwenye meza ya Baba, na hakuna aliyethubutu kulivua.

Baba alikuwa mwalimu. Alipostaafu alianza kuandika kitabu cha habari za ukoo wetu: nani alitoka wapi, nani alimwachia nani kihamba, yaani lile shamba la migomba na kahawa linalorithishwa, nani aligombana na nani na wakapatana vipi. Aliandika kwa vidole viwili, miaka nenda miaka rudi. Kila nilipopanda mlimani kumsalimia aliniambia, "Nitengenezee nakala. Mashine hii ikifa, imekwenda na kila kitu."

Mimi nina duka la steshenari mjini Moshi. Nachapa barua za watu na kufufua kompyuta za watu. Nilimwahidi kwamba nitapanda siku moja kwa kazi hiyo tu. Akinipigia simu kuniuliza nimefikia wapi, namjibu, "Niko njiani, Baba." Namjibu hivyo nikiwa dukani, nimekaa, nakunywa chai.

Mwezi wa tisa Baba akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, na maneno yakawa yanamtoka moja moja, tena kwa taabu. Wazee wenzake waliojua habari zile walikwisha kutangulia. Zilibaki ndani ya lile kasha, basi, na siku ya pili ya Krismasi ukoo mzima ungekusanyika kusomewa, kwa sababu ndivyo alivyowaahidi alipokuwa mzima.

Nikapanda siku mbili kabla ya sikukuu. Mama alikuwa amemkalisha Baba kwenye kiti karibu na meza, anamlisha mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Nikamwamkia, nikavuta stuli, nikabonyeza kitufe kwenye tundu lake. Neno la siri halikunisumbua, maana Baba alikuwa amelibandika pembeni mwa skrini kwa plasta. Huyu mwalimu huandika lebo kwenye kila kitu, mpaka mpini wa jembe. Nikaliingiza, maneno ya kukaribisha yakatokea, na kiduara kikaanza kuzunguka. Mama alimaliza kulisha, akaenda kuwatupia ng'ombe majani, akarudi. Kiduara bado kinazunguka.

Nikazima, nikawasha. Palepale. Nikachomoa printa, nikachomoa waya wa intaneti, nikabadilisha hata kipanya, ambacho hakikuwa na kosa lolote. Nikajaribu ile njia ya mafundi, ya kuiamsha mashine na vitu vichache vya lazima tu. Ikaganda vilevile. Kompyuta ya mteja ikinifanyia hivyo huwa naimba huku nafanya kazi. Hii ya Baba ilinitoa jasho kwenye baridi ya huku juu, na nikaanza kuiwaza ile diski ya ndani, kwamba imekufa, na kwamba mimi ndiye niliyeiua kwa uvivu.

"Mwanangu, si ndiyo kazi yako hii?" Mama aliuliza. Hakuwa na nia mbaya, lakini nilitamani kumjibu vibaya.

Muda wote huo Baba alikuwa akiinua mkono wa kushoto na kuonyesha kile kitambaa. Kila alipoonyesha, Mama alikwenda kukinyoosha, akipanga ncha zake vizuri, maana alidhani mzee anakerwa kimekaa upande. Baba akakunja uso, akaonyesha tena. Mama akakinyoosha tena. Nami nilikuwa nikipitisha mikono nyuma ya kasha, nikichomoa na kuchomeka nyaya, kwa uangalifu mkubwa nisije nikakichafua. Nilivigusa vitu vyote vya mashine ile isipokuwa kitambaa.

Mwisho nikakata tamaa. Nikasema nitaibeba nishuke nayo mjini, niifungue dukani, niitoe diski niisome kwa mashine nyingine kama bado inasomeka. Mama akaleta kitenge cha kuifungia. Kwa kuwa nilikuwa naibeba, ikanibidi niivue.

Mbele ya kasha, chini kidogo ya kitufe, mahali ambapo kitambaa kilifunika, palikuwa pamechomekwa flashi. Imefungwa uzi, na kwenye uzi kuna kikaratasi chenye mwandiko wa Baba, ule wa ubaoni, wa kunyooka. Kimeandikwa: Nakala. Binti yangu bado yuko njiani.

Nilikisoma mara mbili, kisha nikalia mbele yao wote wawili bila kuona haya. Alikuwa amechoka kunisubiri, akanunua flashi mwenyewe, akaichomeka, na kabla hajajua afanye nini zaidi, ugonjwa ukamkuta. Flashi yenyewe ilikuwa ya zile zinazopangwa barabarani kuuzwa kwa bei ya chini, zinazokufa bila kuaga. Mashine ilikuwa inahangaika kuisoma, inasubiri ijibu, na haiendi mbele wala hairudi nyuma.

Nikaichomoa. Nikawasha. Nikaandika lile neno la siri. Kiduara kikazunguka mara tatu, nne, kikaondoka, na uso wa kompyuta ukafunguka ukiwa na picha ya Mama amesimama shambani. Mama akakaa chini kwenye kapeti, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kile kitenge. Kitabu kilikuwepo, kurasa zote. Nikamsomea Baba ukurasa wa kwanza, na nilipokosea jina la babu wa babu yake akagonga meza kwa kidole nirudie. Nilirudia kwa furaha.

Kisha nikatoka nje, nikaenda kwenye mpaka wa kihamba, nikakata jani la isale. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani hilo, na akilipokea amekusamehe, hata kama kosa ni zito. Sikuwahi kumpelekea mtu. Nikarudi, nikapiga goti mbele ya kiti cha Baba, nikamwekea kwenye mkono wa kushoto.

Alilipokea. Akalitazama, akanitazama, halafu akaliinua na kuionyesha kompyuta kwa ncha yake, kama alivyokuwa akituonyesha ubao kwa fimbo.

"Kwanza nakala," alisema.

Yalikuwa maneno mawili yaliyonyooka kuliko yote aliyoyasema tangu mwezi wa tisa. Nikainuka nikaketi kwenye stuli. Nikatengeneza ya kwanza kwenye simu yangu, ya pili kwenye simu ya Mama, ya tatu kwenye flashi nzima niliyotoka nayo dukani. Baba alilishikilia lile jani muda wote huo. Nilipomwambia ya tatu imekamilika, ndipo akanipa, nilitie kwenye glasi ya maji.